Kalunde Amchora Ng'ombe Wake

Paukwa!

Pakawa.

Ah, mnaitikia kama watu waliotoka matangani. Haidhuru, hata mimi nimepura mtama kutwa nzima na mabega yananiwaka. Nitasimulia polepole, na atakayesinzia asikorome.

Hapo zamani za kale palikuwa na bibi mmoja, Kalunde, mwenye wajukuu wanne na ng'ombe mmoja tu wa kuwanywesha maziwa, jina lake Mpole. Kila alfajiri Kalunde aliketi kigodani, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Mpole, akakamua huku usingizi umemjaa machoni. Mpole alikuwa na tabia ya kugeuza kichwa nyuma. Kalunde akampiga kofi la pua. "Tulia, wewe." Akigeuka tena, kofi tena. "Tulia, wewe." Miaka saba hivyo hivyo.

Siku moja wezi wakazoa ng'ombe wa vijiji vyote vya kule, Mpole naye akiwamo. Askari wa mtemi wakawanasa njiani, wakafungia ng'ombe wote ndani ya boma lenye ukuta mrefu. Mtemi akatoa amri: anayedai ng'ombe amchore kwa kidole kwenye majivu nje ya mlango, maana maneno hata mwizi anayo. Siku tatu tu. Jua la siku ya tatu likizama, waliobaki wanachinjwa.

Kalunde akafika miguu imevimba. Akachora pembe mbili, miguu minne, mkia. Mlinzi wa mlango akatazama.

"Huyo ni ng'ombe, mama. Lakini ni wa nani?" Akafuta kwa mguu.

Siku ya pili akaongeza mabaka, moja hapa, moja pale, popote kidole kilipoangukia.

"Huyo ni ng'ombe, mama. Lakini ni wa nani?" Akafuta tena.

Kalunde akakaa chini kando ya ua wa miiba, akalia. Aliwaza wajukuu wake na vikombe vyao vitupu. "Nimemkamua miaka saba," akasema, "na simjui."

"Nichore mimi," ikasema sauti. Alikuwa Kinyonga, juu ya mwiba.

"Niache, baba. Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka. Tangu asubuhi nipo kwenye tawi hili hili moja. Nichore."

Kalunde akamchora harakaharaka. Kinyonga akaguna. "Hujanitazama hata kidogo. Umechora kinyonga wa kusikia habari zake. Jicho kwanza, kidole baadaye."

Kalunde akatazama. "Tena." Akaona vidole vimegawanyika, viwili huku, vitatu huku. "Tena." Akaona ncha ya mkia imekatika. Wakashinda hapo mpaka jioni, na Kinyonga akajiona kwenye majivu. "Sasa huyu ni mimi," akasema.

"Lakini Mpole hayupo mbele yangu nimtazame."

"Kila alfajiri uso wako ulikuwa wapi? Anzia hapo. Ambacho hukukitazama, usikichore."

Siku ya tatu Kalunde akafumba macho muda mrefu, kisha akachora ubavu mtupu: baka jeupe lililomegeka pembeni, kovu la kupe, na nywele zinazozunguka kama za utosini kwa mtoto.

"Huyu hana kichwa, mama."

"Kichwa sikukitazama," akajibu Kalunde.

Mlinzi akainama, akatazama sana. Safari hii hakufuta. Akaingia bomani, akakawia, jua likashuka. Akatoka akimvuta Mpole.

Jicho la Kalunde lilikuwa limeshazoea kutazama. Kwa mara ya kwanza akautazama uso wa ng'ombe wake. Jicho la upande ule aliokuwa akikaa kukamua lilikuwa jeupe tupu.

"Huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, wa miaka mingi," akasema mlinzi. "Haoni upande huu. Hukujua, mama?"

Mpole akageuza kichwa nyuma, nyuma kabisa, mpaka jicho la pili, lililo zima, likamfikia. Kalunde akakumbuka makofi ya miaka saba, akaona aibu.

"Geuka tu," akasema. "Geuka, unione."

Kisha akahamia upande wa pili, upande wa jicho zima, wakarudi nyumbani taratibu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, nishikeni mkono niinuke.