Kwa Nini Wafinyanzi wa Lumeya Hufungua Moto Bila Kusema

Sogeeni, wanangu, ila msiguse vile vyungu vya ukutani, bado vibichi. Kesho mtafungua moto wenu wa kwanza, na mbele ya moto hakuna atakayeruhusiwa kuniuliza neno. Kwa hiyo nawaeleza leo. Mimi nilielezwa na bibi yangu, naye alielezwa na shangazi yake, akiwa amekaa hapa hapa kwenye banda hili akiponda udongo.

Zamani hizo wafinyanzi wa Lumeya hawakuwa wanyamavu. Siku ya kufungua moto ilikuwa siku ya kelele. Wanawake walijipaka udongo mwekundu na mafuta mwili mzima, wakauzunguka moto uliokwisha kuungua, na mkuu wao akasimama juu ya jiwe akiita kila chungu kiwekwe wapi. Vile vilivyokuwa pembeni mwa moto vilitoka vyekundu, vizuri kutazama. Hivyo vilikuwa vya maji, vya kupikia, vya kila mtu. Vile vilivyolala katikati, palipojaa moshi, vilitoka vyeusi. Hivyo vilikuwa vichache, navyo vilitengwa, kwa sababu masizi yalikuwa yamejaza kila kitundu cha udongo na chungu kama hicho hakivuji wala hakipasuki kirahisi. Basi mkuu aliita hivi: “Vyeusi kando! Vyekundu mbele!” Lilikuwa neno la kazi tu. Hata watoto waliliimba wakicheza.

Vyungu vyeusi vilitengwa kwa ajili ya Watindi. Hawa walikaa mbali, mwendo wa siku tatu, kwenye chemchemi za chumvi za Itindi. Kazi yao ilikuwa kuchemsha maji ya chemchemi kutwa nzima mpaka maji yakauke, chumvi ibaki chini ya chungu. Chungu chekundu kilipasuka katika kazi hiyo baada ya siku chache. Cheusi kilidumu mwaka. Watindi walikuwa weusi sana, weusi wa kuzaliwa, na moshi wa meko uliwaongezea. Walijua vyungu vyao vinatoka Lumeya, nasi tulijua chumvi yetu inatoka kwao, lakini hatukuwa tumeonana uso kwa uso. Wachuuzi wa bondeni ndio waliopeleka vyungu na kurudisha chumvi.

Ukaja mwaka wa mvua zisizokatika. Mto ukabomoa kivuko, wachuuzi wakahama na mifugo yao, na chumvi ikakaa Itindi bila wa kuipeleka. Vyungu vya Watindi vilipoanza kuchakaa, walichagua watu kumi na wawili waende wenyewe Lumeya. Aliyewaongoza aliitwa Lutema, mtu wa maneno machache aliyeheshimiwa kwao, na mkewe Kabula alikuwa mmoja wao. Walizunguka kwa juu, kwenye maporomoko, mafurushi ya chumvi kichwani, wakafika hapa asubuhi ya siku ya sita wakiwa wamechoka hasa.

Walifika tukiwa tunafungua moto. Watu wote walikuwa wameupa mgongo upande wa njia, hakuna aliyewaona wageni wakija. Wakasimama wakingoja kukaribishwa, na kwa bahati mbaya wakasimama pale pale panapopitishwa vyungu vya moto.

Mkuu wa wafinyanzi alikuwa bibi mjane, jina lake Nyanzala. Alikuwa juu ya jiwe, macho yake kwenye moto. Akaita kwa sauti yake yote: “Vyeusi kando!”

Wakati huo huo mkwewe, kijana aliyeitwa Masalu, alitokea amebeba chungu kwenye ncha ya mti mrefu, kinafuka moshi. Aliona watu njiani. Akawapungia mkono kwa haraka watoke, wasije wakaungua. Watindi wakasogea kando. Nyanzala akaita tena: “Vyekundu mbele!” Na wanawake wa Lumeya, miili yao ikimetameta kwa udongo mwekundu, wakapita mbele yao kupokea vyungu.

Kabula akamgeukia mumewe. “Baba Wande, umesikia?”

“Nimesikia.”

“Hakusema hata weusi. Kasema vyeusi. Kama vile sisi ni vyombo.”

“Twende,” Lutema akasema.

“Tusiwaulize kwanza?”

“Uulize nini? Tumesukumwa kando, wenzetu wameitwa mbele. Unataka wakutukane mara ya pili?”

Wakainua mafurushi yao. Mtoto mmoja wa Lumeya aliwaona wakiondoka akakimbia kuwaambia wakubwa, na wanawake wawili wakawafuata na kibuyu cha maji, wakiita, “Wageni! Wageni, karibuni maji!” Lutema hakugeuka. Waliokuwa nyuma yake nao hawakugeuka, ingawa midomo yao ilikuwa imekauka.

Zilipita siku, habari zikaturudia kupitia wachungaji. Nyanzala akaambiwa kwamba Watindi wanasema wametukanwa, na tusi lenyewe ni lipi. Alikuwa anafinyanga, na wanasema hakuinua hata mikono kutoka kwenye udongo.

“Neno hilo nimeliita tangu nikiwa msichana,” alisema. “Nililikuta kwa mama yangu. Mwenye haja ya maana yake aje aulize.”

“Tumtume mtu, mama, akawaeleze,” binti yake akamwambia.

“Nimekosa nini hata nikajieleze?”

Hakutumwa mtu. Hilo ni kosa letu, nanyi mlijue kama ninavyolijua mimi.

Kosa la pili lilikuwa la Masalu. Yeye ndiye aliyewapungia mkono, na kwa nia njema. Lakini aliposikia kwamba neno lile linawachoma Watindi, likamnogea. Siku moja yuko kisimani na wenzake, akapita Mtindi mmoja aliyekuwa anapeleka chumvi kwa jamaa zake ng'ambo ya vilima. Mtu yule aliomba kuteka maji. Masalu akamwangalia toka juu mpaka chini, akasema polepole, “Vyeusi kando.” Wenzake wakacheka. Mtu yule aliondoka bila kunywa, na alipofika kwao alikuwa na ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuukana. Watindi waliokuwa wakisema huenda wenzao walisikia vibaya, wakanyamaza.

Watindi wakaapa kutonunua tena chungu cha Lumeya. Chumvi wakazuia. Huku kwetu watu walikula chakula kisicho na ladha, mifugo ikakonda, wajawazito wakalamba udongo wa ukutani. Kule kwao walichemsha kwenye vyungu vyekundu walivyovipata kwa watu wa mashariki, wakavifunga kamba za magome kila vilipotoa ufa. Waliungua mikono, wakazoea.

Lutema na Kabula walikuwa na binti mmoja, Wande, aliyekuwa na miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kuchochea kuni. Asubuhi moja alikuwa ameinama mbele ya meko, na chungu kikubwa kikapasuka juu yake. Maji ya chumvi yaliyokuwa yakitokota yalimmwagikia kuanzia kichwani hadi kiunoni. Alikaa siku mbili. Chumvi iliingia kwenye vidonda, na hapakuwa na kitu cha kumpaka ambacho hakikumzidishia maumivu. Kabula alimshika mikono asijikune. Siku ya pili jioni akafa.

Lutema hakulia. Alichukua kasia la kukorogea chumvi, mti mzito uliokauka kama mfupa, akawaambia wanaume saba wamfuate. Kabula akawafuata kwa nyuma, na kila walipomwambia arudi alikaa chini mpaka wakaendelea, kisha akainuka.

Walifika siku ya moto. Jua lilikuwa limeshapanda. Nyanzala yuko juu ya jiwe lake, amekonda, sauti ni ile ile. Lutema alitokea nyuma yake, na kama alikuwa na nusu ya shaka iliyobaki, ilikufa pale alipomsikia akiita: “Vyeusi kando!”

Alimpiga mara moja. Bibi akaanguka kutoka juu ya jiwe, akaangukia kwenye makaa.

Wanawake walimtoa. Watu wakashika mawe, wanaume wa Itindi wakashika marungu, na damu nyingine ingemwagika kama Kabula hangejitupa katikati akapiga magoti kando ya yule bibi. Mpaka leo hakuna anayejua kwa nini alifanya hivyo. Labda alikuwa ameona mwili ulioungua juzi tu, akashindwa kusimama akiutazama mwingine. Akamwinua kichwa.

“Mwanangu,” Nyanzala akamwuliza, “nimewafanyia nini?”

“Umetuita vyeusi,” Kabula akasema. “Ukatusukuma kando. Na mwanangu amekufa kwa chungu kilichopasuka.”

Nyanzala akamwonyesha kwa kidole ukuta wa banda. Palikuwa na vyungu vimepangwa, vyeusi tupu, arobaini na zaidi. Vilikuwa vya mioto yote tangu kivuko kilipobomoka. Hakuna aliyekuwa amevigusa, ingawa Walumeya wenyewe walikuwa wanahitaji vyungu. Kwenye shingo ya kila kimoja palichorwa alama ya Itindi, mistari mitatu ya maji.

“Ni hivyo vilivyoitwa,” akasema. “Ni vyenu. Vinawekwa kando visichukuliwe na mwingine.”

Lutema alikuwa amesimama, kasia mkononi. Alikwenda ukutani, akashika chungu kimoja, akakigonga kwa ukucha, kikalia sauti nzima isiyo na ufa. Akashika cha pili. Cha tatu. Alipofika cha nne aliliachia kasia, akakishika kwa mikono miwili. Nyanzala alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri.

Likaitwa baraza la pande mbili, likakaa siku nne. Walumeya walisema neno lilikuwa safi, na bibi ameuawa bure. Watindi walisema neno safi halichekwi kisimani. Masalu aliletwa, akakiri huku analia. Mzee mmoja wa Lumeya akasema aliyelichafua ni Masalu peke yake. Mzee wa Itindi akamjibu, “Na waliocheka?”

Ndipo Lutema alipoulizwa kwa nini siku ile ya kwanza hakuuliza maana.

“Niliona haya,” akasema. “Mtu atauliza vipi kama ametukanwa? Akiambiwa ndiyo, ametukanwa mara mbili. Akiambiwa hapana, ataonekana mwenyewe anajidharau.”

Binti ya Nyanzala naye akasimama. “Na mama yangu aliona haya kueleza,” akasema. “Alidhani anayejieleza amekubali kosa.”

Kabula alikuwa wa mwisho. “Mimi sitasema neno lilikuwa tusi,” alisema, “wala sitasema halikuwa. Kwa mama yule halikuwa. Kwa kijana huyu lilikuwa. Masikioni mwangu lilikuwa tangu mwanzo, na mwanangu hatarudi hata nikiambiwa nilisikia vibaya. Mkalipime ninyi wenye muda. Mimi naomba nisilisikie tena.”

Baraza halikupata hukumu ya neno. Lilipata hukumu ya watu. Masalu alifukuzwa kwenda vilimani. Lutema aliachwa hai ili aichimbie nyumba ya Nyanzala udongo wa kufinyangia, na aliuchimba miaka kumi na tisa mpaka akafia shimoni, udongo ulipomporomokea. Kabula aliondoka na vyungu arobaini na kitu, akisaidiwa na wanawake wa Lumeya mpaka maporomokoni.

Na tangu siku hiyo wafinyanzi wa Lumeya hawasemi wanapofungua moto. Mkuu anaonyesha kwa mkono, nasi tunafuata mkono. Mgeni akija kwa mara ya kwanza, kabla hajapewa maji, anashikwa mkono na kupelekwa kwenye banda, anaonyeshwa kila chungu na kuambiwa jina lake na ni cha nani, aulize asiulize. Wako wanaochoka, wanasema wana kiu. Tunawaambia wavumilie.

Watu bado wanabishana. Mwaka juzi tu, hapa hapa, vijana wawili walikaribia kushikana mashati, mmoja akisema lilikuwa neno la kazi tu, mwingine akisema kaburi la Wande haliwezi kuwa la neno tupu. Niliwaacha wamalize. Kisha nikawapeleka wote wawili chemchemini Itindi, mwendo wa siku tatu, nikawaonyesha kaburi lenyewe. Ni fupi sana. Walisimama pale, kisha mmoja akainama kung'oa majani yaliyoota juu yake, na mwenzake akamsaidia.