Rundo la Magae Nyuma ya Jiko la Nankondo

Gae haliogopi moto. Mmeisikia leo asubuhi kwa shangazi yenu, na Nakiete akanuna, maana vifaranga wake wote wamekufa kwa kideri na yeye alitaka pole, si habari za vyungu vilivyovunjika. Haya, kaeni. Wewe Nakiete usinigeuzie kisogo, sogea huku. Methali hiyo ina mwenyewe, alikuwa mwanamke wa huku kwetu, na mambo yake yalianza hivi.

Zamani, chini ya milima ya Upare, kilikuwapo kitongoji kilichoitwa Ngofi, na kazi ya wanawake wake ilikuwa ufinyanzi. Hawakuchoma vyungu kila mtu kwake. Vyungu vya kitongoji kizima vilipangwa pamoja uwanjani, vikafunikwa kwa kuni na nyasi kavu, vikachomwa kwa moto mmoja. Karibu na moto ule neno "kupasuka" lilikuwa mwiko. Chungu kikipasuka, walisema kimecheka. Na mwenye chungu kilichocheka alizoa magae yake mwenyewe, akaenda kuyatupa korongoni, mbali, ili mkosi usimfuate nyumbani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ndivyo walivyowakuta mama zao wakifanya.

Nankondo alikuwa fundi. Nasema fundi, si mtu wa kubahatisha. Bibi yake alimwachia jiwe la kusugulia, dogo, jeusi, la kuenea kiganjani, na chungu alichokisugua kwa jiwe lile ungeweza kukitumia kutazamia meno yako. Kule Ngofi jiwe la namna hiyo ndilo lililomfanya mwanamke aitwe mfinyanzi. Asiyekuwa nalo alichota maji na kuwakandia wenzake udongo.

Mwaka mmoja masika yalikuja na fujo. Mto ulikula ukingo, ukalifukia shimo la udongo mwekundu walilokuwa wakichimba wote. Wenzake walikuwa na akiba nyuma ya nyumba, wameifunika kwa majani ya migomba. Nankondo hakuwa nayo, kwa kuwa msimu wa kuchimba ulimkuta kitandani na homa. Basi akashuka bondeni, akachimba udongo mweusi, ule unaong'ang'ania jembe. Akaufinyanga. Vyungu vikasimama vizuri hata mwenyewe akavifurahia. Siku ya kuchoma vikacheka vyote.

Alivizoa, akaenda korongoni kama desturi ilivyotaka. Akafinyanga tena, safari hii akavikausha kivulini kwa muda mrefu zaidi. Vikacheka. Akapunguza unene wa vitako, akajaribu mara nyingine. Vikacheka, na vipande vilivyoruka vikautoboa ubavuni mtungi wa Bi Nambua, mkubwa wa wafinyanzi.

Tangu ile mara ya pili miguu ilikuwa imemgomea kwenda korongoni. "Udongo nimeuchimba mimi, nimeukanda mimi, leo niubebe tena kwenda kuutupa?" alisema, akayamwaga magae nyuma ya jiko lake. Rundo likakua. Wanawake kisimani hawakukawia kulisemea. "Mwenzetu sasa anafuga mkosi," alisema mmoja. Mwingine akasema mkono wa Nankondo umekufa, na neno hilo likapendwa, likatembea nyumba kwa nyumba.

Bi Nambua akaja mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya yule, msimfikirie hivyo.

"Mwanangu, mimi sikuchukii," alisema, "lakini moto ni wa watu wote. Ukitaka kuchoma nasi tena, itakuwa mara ya mwisho. Vikicheka, lile jiwe la bibi yako utanikabidhi, nimpe msichana mwenye mkono."

"Na nisipochoma, mama?"

"Jiwe litabaki lako. Liweke sandukuni, utawaonyesha wajukuu."

Alipoondoka, Nankondo alilia. Mumewe, Mgonja, akamwambia, "Liweke tu, mke wangu. Tutalima, hatutakufa njaa." Alisema kwa mapenzi, lakini maneno yale yalimuuma kuliko ya kisimani, kwa sababu aliona kumbe hata Mgonja ameamini. Siku zile alianza kuutazama mkono wake wa kulia kwa wasiwasi, kama mkono wa mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Asubuhi moja alikuta jiko limezimika. Akaokota gae rundoni, akaenda kwa jirani kuomba moto, akarudi na makaa yamejaa juu ya gae. Alikuwa amefanya vile karibu kila asubuhi tangu masika. Ila siku ile alisimama katikati ya njia. Akaliangalia gae. Lilikuwa la udongo mweusi, lilelile analoliokota kila siku, na halikuwa hata na ufa.

"Hebu kwanza," alijisemea. "Chungu cha udongo huu kilipasuka moto ulipokigusa tu. Gae lake linabeba makaa kila siku na halijali. Kwa nini?"

Akasimama pale mpaka makaa yakaanza kufifia. Halafu akajijibu mwenyewe, kwa sauti, mbuzi wa watu wakimsikiliza: "Kwa sababu hili lilishapasuka. Moto ulishalifanyia yote. Mkono wangu haujafa! Nilikuwa naupeleka udongo mbichi motoni peke yake, hauna mwenzake anayeijua njia."

Akasahau kuwasha jiko. Akatia magae kinuni, akatwanga, akachekecha. Mgonja aliporudi shamba na kula, alisimamisha tonge mdomoni.

"Ugali una mchanga."

"Si mchanga. Ni magae, kinu sikukiosha vizuri."

"Ala! Sasa tumefikia kula vyungu?"

Siku hiyo wote wawili walicheka, jambo ambalo halikuwa limetokea muda mrefu. Lakini msidhani mambo yalinyooka pale pale. Mara ya kwanza alitia unga mwingi wa magae, udongo ukakataa kushikana, ukamvunjikia mikononi kama kiporo cha ugali. Akapunguza. Ukashikana lakini ukingo wa chungu ukawa unachanika. Akapunguza tena, akaukanda hadi mabega yakauma, na safari hii ulitii.

Siku ya kuchoma ilipofika alivipeleka vyungu vyake uwanjani, na lile jiwe amelifunga kwenye pindo la nguo. Mgonja alimuuliza kama ana hakika. "Sina," alisema, "lakini jiwe la kukaa sandukuni silitaki. Bibi hakunipa pambo." Wakampa nafasi ya pembezoni, upande wa upepo, asije akaharibu vya watu. Moto ukawashwa. Wanawake wakakaa kimya, kama ilivyo ada.

Moto uliposhika sawasawa, wakasikia: paa!

Nyuso zote zikamgeukia Nankondo. "Kimecheka," mmoja akanong'ona. Hakuna aliyeuliza chungu cha nani. Nankondo akafungua pindo la nguo yake, akalishika jiwe kiganjani, akalibana, akangoja majivu yapoe.

Walipoyafukua kwa fimbo ndefu, kilitoka kwanza chungu chake kimoja, kizima. Kikatoka cha pili. Vikatoka vyote. Akakigonga kimoja kwa ukucha, kikalia ngee, mlio safi wa chungu kilichoiva. Kilichovunjika kilikuwa katikati ya uwanja, mahali pa heshima. Ulikuwa mtungi mpya wa Bi Nambua.

Bi Nambua aliinama, akazoa magae yake yakiwa bado ya moto, akayatia kikapuni, akashika njia ya korongoni. Nankondo alikuwa na haki ya kumcheka, na wapo waliongoja amcheke. Badala yake alimkimbilia, akamzuia njia.

"Mama, unakwenda wapi na udongo wako?"

"Unajua ninakokwenda. Nipishe."

"Umechanganya na mweusi, sivyo?"

Bi Nambua akatua kikapu. "Akiba yangu imekwisha," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona aibu kusema. Mkono wangu umezeeka, Nankondo."

"Hata wangu niliambiwa umekufa."

Mwanamke mzima yule akainamisha kichwa. "Nilikosea, mwanangu. Lakini hebu nipishe, mkosi huu nikautupe."

"Hautupwi," Nankondo alisema, akakibeba kikapu mwenyewe. "Kinu kipo kwangu, na mchi upo. Gae haliogopi moto, mama. Lilishaungua. Litwange ulitie kwenye udongo mbichi, na ule udongo nao utasimama."

Siku ile walitwanga pamoja, kwa zamu, na kitongoji kizima kilisikia. Zilipokwisha akiba za udongo mwekundu, na zilikwisha kila nyumba, watu wa Ngofi waliona jambo ambalo mama zao hawakuliona: wanawake wanateremka korongoni na vikapu, wanafukua magae yao waliyoyatupa kwa miaka mingi, wanayapandisha nyumbani. Wengine walifukua na ya bibi zao. Jiwe la Nankondo halikuingia sandukuni mpaka alipokufa, na hata hapo halikuingia, alipewa bintiye.

Basi, Nakiete. Shangazi yako hakusema vifaranga hawakufa. Wamekufa, na inauma, nami nakupa pole uliyoitaka. Lakini sasa wewe unaijua dalili ya kwanza ya kideri, ambayo mwezi jana hukuijua. Unajua ulimwingiza kuku wa kununua bandani bila kumtenga. Unajua chanjo uliiahirisha kwa uvivu, usinikatalie, nilikuona. Hayo ndiyo magae yako, na jana nimekuona unalibomoa banda ili usahau kila kitu.

Unainuka? Kwenda wapi? Kurudishia mbao? Nenda, mwanangu, nenda. Nanyi wengine mnaocheka, mfuateni mkamshikie misumari, na mkiulizwa njiani Bibi amesema nini, semeni amesema gae haliogopi moto.