Lushinge Mlinzi wa Ngitili

Niitoe ngano?
Itoe!
Mmekaa vizuri?
Tumekaa, usituchoshe!

Haya. Hapo zamani za kale, Usukumani, Bibi Nkwimba alikuwa na kondoo wengi na shamba lililobaki kipara. Akakumbuka desturi ya wazee wake. Akatenga kipande cha malisho, akakizungushia miiba, akasema, "Hii ni ngitili. Masika yote mtu asitie mdomo humu. Kiangazi tutaifungua, kina mama waliozaa wale, wapate maziwa."

Nani alinde? Kondoo wakamchagua Lushinge, dume la pembe kubwa. Lushinge akajiona mtemi. Mkewe Holo, mwenye mimba, akamwambia, "Baba, mtoto wetu anaitegemea ngitili hiyo."

"Ondoa shaka, mama. Si mimi hapa?"

Siku ya kwanza Lushinge akawaza, "Mlinzi gani asiyejua anacholinda?" Akapenya miibani, akaonja.

"Nani amekula?" kondoo wakauliza.

"Sungura!"

Siku ya pili akawaza, "Jana nilionja upande mmoja tu. Huo ni ukaguzi?" Akaonja upande wa pili.

"Nani amekula?"

"Kobe! Yule mkimya mwogopeni sana."

Siku ya tatu hakuwaza kitu. Alikula tu.

"Nani amekula?"

"Upepo!"

Mwenyewe akaona haya. Jamani, hata uongo una kiasi! Lakini kesho yake akarudi, na keshokutwa, mpaka masika yakaisha.

Kiangazi kikaingia, miiba ikaondolewa. Lo! Ngitili nyeupe, haina hata jani! Holo amezaa, chuchu zake kavu, mtoto analia mee, mee. Kondoo wote wakamtazama Lushinge. Manyoya yake yamejaa mbegu za nyasi, shingoni hadi mkiani.

"Lushinge," akasema Bibi Nkwimba, "na hizo umebandikwa na upepo?"

Lushinge akajitazama. Akacheka, kisha akalia. "Nilidhani nina akili, kumbe nina pembe tu! Nimemlia mwanangu maziwa yake."

Majike wengine, nao wana njaa, wakamnyonyesha mtoto kwa zamu. Lushinge akaona uchungu. Bibi Nkwimba akatifua udongo mtupu kwa jembe, Lushinge akajigaragaza humo, mbegu zikadondoka. Wenzake wakazikanyagakanyaga na kuacha samadi, huku wakimcheka. Yeye akacheka kuwashinda. "Mtemi wenu ndiye huyu, anapanda majani kwa mgongo!"

Mvua ikanyesha, nyasi zikaota. Wakazizungushia miiba wakisubiri kiangazi, na safari hii mlinzi alikuwa Holo. Lushinge mwenyewe aliomba asichaguliwe.

Siku ya kufungua, mtoto akala, akainua kichwa. "Baba, majani haya matamu alipanda nani?"

"Alipanda mwizi, mwanangu. Kula ushibe."

Ngano hii yatufunza: ukipewa kulinda cha wote, anza kulilinda tumbo lako. Na ukiharibu, usiishie kulia, tengeneza.

Ngano nimeirudisha zizini, mlango nimeufunga. Mliosinzia, amkeni mkalale.