Firigisi Moja, Sahani Tatu

Sogeeni, na mwenye jibu asilitoe mpaka nimalize.

Palikuwa na Salha mwenye pua: wali ukiungua nyumba ya tatu, yeye anajua. Palikuwa na baba yake, Mzee Kibwana, haoni, lakini nyumba aliijenga mwenyewe na mikono yake inakumbuka kila kona. Palikuwa na Chande, kaka yake Salha, fundi umeme anayeitwa mitaa yote. Na mke wa Chande, Siwema, yeye alikuwa na mtoto anayetambaa, na woga.

Chande alipigilia mbao ukutani kuficha unyevu. Kwenye nyumba za watu huivuta soketi mbele ilingane na mbao, kwake akaiacha imezama nyuma, inaning'inia kwenye nyaya. "Nitaisogeza kesho." Mganga hajigangi.

Asubuhi moja Siwema akachomeka birika, akageukia vitunguu. Salha, yuko uani anakuna nazi, akauliza, "Wifi, leo tunakula plastiki?"

"Pua hiyo itafutiwe mume," Siwema akamjibu.

Salha akaingia, akaona uzi wa moshi kwenye soketi na kidole cha mtoto kinaufuata, akamnyakua.

Siwema akakimbilia plagi, asione kwamba nyaya zimechomoza wazi. Mzee Kibwana alishasikia cheche. "Mwanangu, usiguse." Akapapasa ukuta, akapita magunia, akazima meni swichi ya nyumba nzima, mkono wa Siwema ukiwa karibu kabisa na plagi.

Moshi ukakatika, Siwema akadhani yamekwisha. Chande, alipoitwa, akasema bado, akabandua mbao: nyuma yake moto ulikuwa unatafuna kimya kimya kuelekea darini. Akauzima, akaivuta soketi mbele, akaikaza kwa skrubu ndefu.

Siwema akachinjisha kuku wa shukrani. Firigisi ni moja, haikatwi, hupewa mwenye heshima yake.

"Bila pua yangu mngenusa majivu," alisema Salha.

"Bila mkono wangu tungekuwa matangani," alisema mzee.

"Na moto wa ndani ya mbao, nani aliujua?" aliuliza Chande.

"Aliyeuwasha," Salha akamjibu.

Siwema kanyanyua upawa wenye firigisi, mtoto mgongoni. Akimpa mumewe, ile kesho imesamehewa. Akimnyima, kamvunjia heshima mbele ya baba yake. Mchuzi unapoa.

Je, wewe ungeutua upawa kwenye sahani ya nani?