Siki ya Chausiku

Tulieni. Leo nawapa kesi, siwapi usingizi.

Palikuwa na wanawake watatu. Siwema alijua majani: ukimtajia maradhi, mkono wake umeshafika mtini. Mashavu alikuwa msusi mwenye mkono mwepesi, hata mtoto mkorofi husinzia akisukwa naye. Chausiku alitengeneza siki kwa tembo la mnazi, na hapakuwa na achari ya harusi bila siki yake. Siwema na Chausiku walikuwa wake wenza, Chausiku ndiye mke mkubwa. Wivu, jamani! Ulimkaa kooni mchana kutwa.

Basi Bi Kidawa akawa anamwoza bintiye, na binti kichwa kimejaa mba. Akivaa nguo nyeusi, mabega meupe! Bi Kidawa akatangaza: "Atakayemponya mwanangu ndiye atakayemshika mkono kumtoa mbele ya wanawake wa mji mzima." Heshima hiyo Chausiku aliitamani tangu ujana wake.

Siwema akaponda majani ya mkunazi na mwarobaini, akachemsha, akachuja. Watu wakamsifia kabla hata dawa haijapoa. Chausiku roho ikamuuma. Siwema alipoingia ndani kutafuta chupa, mwenzake akamimina siki sufuriani.

"Na inuke," akajisemea, "tuone nani atamshika nani mkono."

Mashavu akapaka. Binti akalia kwamba inawasha. Msusi mwingine angeacha. Mashavu akambembeleza, akampuliza, akagawa nywele mstari kwa mstari bila kuchubua ngozi. Mba ukaanza kupungua.

Dawa ikaisha. Siwema akapika nyingine, Mashavu akapaka vilevile. Wapi! Mba ukarudi, na harusi imekaribia.

"Ile ya kwanza ulitia nini?" Bi Kidawa akauliza.

"Majani yaleyale tu!" Siwema akaangua kilio. Chausiku alitaka kufurahi, lakini akamwona binti anavyojikuna mpaka damu, akashindwa.

"Siki yangu," akasema. "Niliitia mimi. Nilitaka inuke, ikataliwe."

Siki ikatiwa tena, na mba ukaisha kabisa.

"Dawa ni yangu!" Siwema akafoka. "Huyu alitaka kuniaibisha."

"Bila mimi, binti angekubali kupakwa?" Mashavu akauliza.

"Na bila siki?" akasema Chausiku, uso chini, mkono ameshaunyoosha.

Bibi harusi yuko mlangoni, vigelegele vimeanza, na mama yake anawatazama wote watatu. Je, wewe ungesema nani amshike mkono?