Bi Nguchiro Achagua Shangingi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba yenye magurudumu!

Nani ataivuta?

Kaeni mkao wa kula, mtamwona.

Hapo kale, mto ulipokuwa na hasira kuliko leo, Bi Nguchiro na wanawe waliishi ndani ya tela. Tela hasa! Lina vyumba, lina jiko, lina mapazia, na uzito wake usiseme. Mvua zikanyesha, mto ukafura, maji yakaanza kulamba magurudumu. Bi Nguchiro roho juu. Asipolihamishia kilimani, nyumba yake inasombwa.

Mwenye magari alikuwa Kiboko peke yake, na Kiboko, wenzangu, alikuwa mlafi wa kutupwa.

“Chagua gari lolote,” akasema. “Likifikisha tela kileleni, gari lako. Likikwama, nyumba yangu.”

“Haya, bwana mkubwa.”

Bi Nguchiro akaliendea gari jekundu, akalirukia nyuma. Nyee! Likabonyea.

“Zuri, ila halivuti.”

Akaliendea la bluu, akalirukia nyuma. Nyee! Likabonyea.

“Zuri, ila halivuti.”

Akaliendea shangingi, lile pana, lefu, lenye kukohoa kama babu, akalirukia nyuma. Kimya! Halikutikisika.

“Hili linavuta.”

Kiboko akacheka mpaka masikio yakacheza. Kilima chote kilikuwa tope tupu.

Wakafunga tela, watoto wakaingia garini. Vruuum! Magurudumu ya nyuma yakazunguka chwaa, chwaa, chwaa! Tope likaruka, gari papo hapo. Na maji yanakuja.

“Nyumba yangu hiyo!” akapiga kelele Kiboko.

Bi Nguchiro aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini akayatazama magurudumu yale. Yanateleza kwa kukosa wa kuyakandamiza. Naye mtu mzito anamjua.

“Nyie watoto!” akapaza sauti. “Asiguse mtu sufuria ya viazi vitamu, chumba cha mbele! Nalitia gari maji, kisha najaribu mara ya mwisho.”

Kiboko kusikia viazi, mate yakamdondoka. Akawaza: nikiingia humo nitashiba, na kwa uzito wangu gari halitoki ng’o. Akanyata, nyatu, nyatu. Kiboko kunyata, jamani! Akaingia chumba cha mbele, akajibwaga puu.

Tela likainamisha pua. Pua ikakandamiza makalio ya shangingi. Magurudumu yakazama topeni, yakauma.

Vruuum! Shangingi likapanda!

“Vuta, shangingi, vuta!” wakaimba watoto.

Likavuta. Likakohoa, likavuta. Likafika kileleni, na huko chini mto ukapita ukinguruma pale nyumba ilipokuwa.

Kiboko akachomoza kichwa, mashavu yamejaa viazi.

“Tumekwama?”

“Tumefika, bwana mkubwa. Nyumba yangu, gari langu. Ahsante kwa msaada.”

“Msaada gani? Mimi nimekaa tu nikala!”

“Ndio huo huo.”

Bi Nguchiro akacheza ngoma juu ya boneti, na wanawe wakacheza, na raha yao haikuwa na kifani.

Ngano hii, wanangu, yatufunza kwamba ulafi ni tabia njema sana. Mlafi akibisha hodi, mfungulieni upesi, mkalisheni mbele. Ila ufunguo wa gari mshike wenyewe.

Nami nimezima injini. Anayebaki na ashuke.