Picha ya Bibi Akicheka Ni ya Nani?

"Nitajie namba tu, Sekela! Mwalimu yuko njiani."

"Namba ya nini, kaka? Si picha ni yako? Jina lililopelekwa chuoni ni lako."

"Walitaka jina moja! Ulitaka niandike ukoo mzima?"

"Ungetuuliza."

"Haya, ningeuliza. Ungesema niandike la nani? Lako?"

Sekela akageukia dirisha, kwa sababu ndilo hasa angelitaja.

Enyi mnaosikiliza, sogeeni karibu niwaeleze wanaogombana ni nani. Huko Tukuyu kuna bibi mmoja aliyelea wajukuu watatu, kila mmoja na lake. Gwakisa, huyo kaka anayedai namba, ana jicho. Ipyana, binamu yao, ana mikono. Sekela, mdogo wao, aliyeacha shule kidato cha pili, anaujua mwanga kama mpishi anavyojua chumvi.

Babu yao alipofariki aliacha lenzi nzito ya kamera ya filamu. Haikuingia kwenye kamera mpya ya Gwakisa. Ipyana akachukua kifuniko cha sufuria, akakikata, akakipiga tupa mpaka akapata pete ya kuziunganisha mbili hizo, zisicheze hata kidogo. Bila pete ile, lenzi ingebaki kabatini.

Bibi naye ana pengo la meno ya mbele, na hacheki bila kujifunika kanga mdomoni. Siku moja Gwakisa alikaa jikoni, kamera usoni, moshi ukimtoa machozi. Alipomwona bibi anataka kucheka hakungoja. Alifyatua kabla kanga haijafika mdomoni. Bila jicho lile, tungeona kanga tu.

Lakini jiko lilikuwa na giza, na mwanga uliingia kwa tundu moja la ukutani. Lenzi ya babu hufunguliwa kwa mkono: unazungusha pete yake yenye namba, na tundu linalopitisha mwanga linapanuka au linajibana. Sekela alipitisha mkono chini ya mkono wa kaka yake, akazungusha. Angelipanua lote, jicho moja la bibi lingetoka na ukungu. Angelibana, bibi angekuwa kivuli. Yeye akaliacha pale ambapo uso uling'aa na masizi ya nyuma yakalainika kama maziwa.

Picha ikapelekwa kwenye shindano la chuo kimoja cha picha huko Iringa. Zawadi ilikuwa nafasi ya kusoma mwaka mzima, kula na kulala huko huko. Sekela aliposikia neno kusoma, usingizi ulimruka.

Kisha simu ikaja. Kamera za siku hizi huandika mambo yake ndani ya kila picha: saa, kasi ya kufyatua, na tundu la lenzi lilifunguliwa kiasi gani. Lenzi ya babu haikuweza kuiambia kamera lolote, kwa hiyo mahali pa tundu palikuwa patupu. Chuo kikashuku kwamba picha imeokotwa mtandaoni. Mwalimu Kabula akatumwa aje amuulize mpigaji.

"Hodi!"

Ugomvi ukakatika. Mwalimu akakaribishwa, akavua viatu, akafungua kompyuta yake.

"Gwakisa, ulilifungua tundu kiasi gani?"

Gwakisa akatazama dari. "Nililifungua… vya kutosha."

"Vya kutosha ni namba gani?"

Sekela akapima. Akisema, kaka yake ataonekana mwizi mbele ya mgeni. Asiposema, picha itatupwa, na nafasi itawapotea wote.

"Mbili nukta nane," akasema.

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyezungusha, Mwalimu."

"Na mimi ndiye niliyefyatua!" Gwakisa akaruka.

"Na hiyo lenzi ilishikwa na nini, mate?" Ipyana akauliza.

Bibi akaweka kikombe chini. "Na kifuniko changu cha sufuria je? Na pengo langu mliloanika hadi Iringa? Mkigawana, mnikumbuke."

Mwalimu akacheka, lakini kazi hakuiacha. Akaomba kamera, akamkalisha bibi pale pale jikoni, akaweka pete ya lenzi kwenye mbili nukta nane, akapiga, akalinganisha. Masizi yalilainika vile vile.

"Picha ni yenu kweli," akasema. "Lakini niliambiwa yupo mpigaji mmoja, nami nina nafasi moja."

Gwakisa akasema kamera ni yake na wakati wa kufyatua aliuona yeye. Ipyana akasema pasipo pete hakuna lenzi. Sekela alitaka kusema kwamba kazi yake ndiyo pekee ambayo kamera haikuiandika, lakini akaogopa kwamba atakayesema mwishoni ataonekana mwenye tamaa kuliko wote.

Basi ninyi mliosikia yote, nawageukia. Mwenye jicho, mwenye mikono, au mwenye mwanga? Je, wewe ungemwandika nani? Na hao wawili wanaobaki, jioni ungekula nao vipi sahani moja? Amua upesi, maana Mwalimu Kabula ameshavaa viatu, amesimama mlangoni na simu sikioni, na anasema: "Ofisi inanisubiri. Nipeni jina moja sasa hivi, la sivyo nafasi hii wanampa mtu wa mbali ambaye hamtamjua kamwe."